Yesu Yuko Mlangoni, na Kaye Iko Wapi?

Mimi ni zamu. Usiku ninalinda nyumba ya mtu kule Nyarutarama, Kigali, na mchana ninamwagilia bustani yake maji. Mwenye nyumba anafanya kazi nchi ya mbali, hapa anafika mara mbili au tatu kwa mwaka. Akiondoka ananiachia pesa kwenye simu: za umeme, za maji, za mafuta ya jenereta, za yule kijana anayekuja kufyeka nyasi. Ananiachia pia kaye moja, yaani daftari. Kila franga inayotoka naiandika. Lakini siku ya kurudi kwake hajawahi kuniambia hata mara moja.

Mwaka jana, saa tisa za usiku, geti likagongwa. Ni bosi. Alikuwa ametoka Kanombe, uwanja wa ndege, na teksi, bila kupiga simu. Namshukuru Mungu nilikuwa macho. Hakuniuliza kama nilimkumbuka. Hakuniuliza kama nilikuwa nikiwaambia majirani kwamba bosi wangu anarudi. Aliweka sanduku lake chini, akakaa, akasema, "Lete kaye."

Tukaipitia mstari kwa mstari. Franga 1,500 hazikuonekana. Jasho likanitoka. Baadaye nikakumbuka: balbu ya geti! Niliinunua jioni mvua ikinyesha, nikasahau kuandika. Nikamwonyesha balbu yenyewe inawaka. Akasema, "Sawa, andika." Yakaisha.

Kwake yaliisha. Mimi nilirudi kwenye kibanda changu cha getini na usingizi haukuja mpaka asubuhi, kwa sababu nilikumbuka kaye nyingine. Kaye hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya, na nikikosea mniambie.

Nimekulia Kiziba, kule Karongi, juu ya mlima ule ambao ukisimama vizuri unaona ziwa Kivu. Kambi ilifunguliwa mwishoni mwa 1996, nami nilifika nikiwa nimebebwa mgongoni. Mama yangu bado yuko kule, mke wangu na watoto pia. Mwisho wa mwezi napanda gari Nyabugogo naenda kuwaona. Kabla sijapata kazi hii ya Kigali, nilikuwa mwandishi wa mfuko wa misiba katika kanisa letu la kambini. Jina la kanisa silitaji. Lingeweza kuwa lako.

Mfuko wenyewe ulikuwa mdogo, kama ikimina chochote. Kaya 60, kila kaya franga 200 kwa mwezi, ili mtu akifiwa asipite nyumba kwa nyumba kuomba pesa ya sanduku. Mweka hazina alikuwa mzee wa kanisa. Mimi nilichaguliwa kuandika kwa sababu nilisoma sekondari. Kila miezi mitatu tulikaa na Mchungaji, mzee anataja kiasi kilichopo, mimi naandika, nasaini, tunaomba, tunaachana. Pesa yenyewe sikuiona hata siku moja. Miaka miwili, sahihi nane.

Halafu mama mmoja mjane akafiwa na mtoto wake wa kiume, hospitalini, mjini. Mama yule hakuwahi kukosa mchango, hata katika miezi ambayo sisi wenye wanaume nyumbani tulichelewa. Alitaka sanduku, na gari la kumpandisha mtoto kambini. Mfuko ukafunguliwa. Mlikuwamo franga 6,500.

Fanya hesabu pamoja nami, ndugu msomaji. Kaya 60 mara franga 200 mara miezi 24 ni franga 288,000. Kabla ya hapo tulikuwa tumezika mara tatu, kila msiba 40,000, jumla 120,000. Zilipaswa kubaki 168,000. Zilikuwa 6,500. Franga 161,500 zimekwenda wapi?

Hakuna aliyeuliza. Jioni ile Mchungaji alisimama mbele ya matanga, akainua Biblia, akasema kwa sauti nzuri ambayo wote tunaipenda: "Bapendwa, tuache mambo ya dunia. Mambo ya franga itapita. Yesu iko mulangoni!" Tukasema amina. Tukaanza wimbo wa kurudi kwake mawinguni. Watu wakachanga mia, mia mbili, wakaazima machela, mtoto akazikwa kesho yake mchana. Mimi niliyesaini mara nane niliimba sauti ya tatu.

Wiki moja baadaye nilikutana na yule mama bombani. Hakunigombeza. Alitua jerikeni yake akaniuliza, "Mwandishi, ulikuwa unaandika nini?"

Swali hilo ndilo lililonikesha Nyarutarama. Kwa franga 1,500 za mtu tajiri, zilizokuwa zinawaka getini mbele ya macho yake, nilitetemeka. Kwa franga 161,500 za wajane nilisaini nikicheka. Kumbe nilikuwa nikimwogopa bosi kuliko ninavyomwogopa Yule ninayehubiriwa kila Jumapili kwamba anarudi! Nikajiuliza kama kweli naamini anarudi. Nawauliza nanyi, wachungaji na wazee wa makanisa ya kambini, na nanyi mlio kwenye magari meupe: mnaamini?

Nasema hivi, na sitauma maneno. Mtu anayetangaza kwamba Yesu anarudi leo usiku, na kaye ya kanisa hana au hataki ionwe, haamini anachokitangaza. Anatumia kurudi kwa Yesu kama pazia.

Soma mwenyewe. Habari ambazo Yesu alisimulia juu ya kurudi kwake, katika Mathayo 24 na 25 na katika Luka 12, nyingi ni habari za watu wa kazi kama mimi: watumishi, msimamizi wa nyumba. Tajiri amesafiri, ameacha mali mikononi mwa watu, harudi kwa ahadi. Akifika anataka hesabu. Wale watumishi watatu wa talanta, hakuna aliyeulizwa kama alijua tarehe. Waliulizwa walichofanya na mali ya mtu mwingine. Yule wa tatu hakula kitu, alifukia tu, na bado alilaumiwa. Je, aliyekula?

Tazama pia yule msimamizi wa Luka 12. Kazi yake ilikuwa ipi? Kugawa chakula! Aliwekwa juu ya watumishi wenzake ili awape mgao wao kwa wakati wake. Sisi watu wa kambi tunaijua kazi hiyo, nanyi mnaofanya kazi na mashirika mnaijua zaidi. Msimamizi huyo akasema moyoni, bwana wangu anakawia, akaanza kupiga wenzake, kula na kunywa. Aliharibika siku alipoona kwamba hakuna wa kumuuliza.

Mtasema, huyo alisema bwana anakawia, lakini Mchungaji wetu anasema bwana yuko mlangoni, ni kinyume kabisa. Angalia matendo, uone kama ni kinyume. Mmoja anasema bado sana, kwa hiyo hakuna hesabu leo. Mwingine anasema ni sasa hivi, kwa hiyo hesabu haina maana tena. Wote wawili wamefika mahali pamoja: kaye imefungwa na mjane hana sanduku.

Na hili la pili limeua watu kwetu huku, siyo mbali. Kanungu iko kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Kulikuwa na kundi la kurejesha Amri Kumi za Mungu, viongozi wake wakiwa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Waumini waliambiwa mwisho wa dunia umefika, wakauza mashamba na ng'ombe, wakaleta yote kwa viongozi. Mwisho uliongojewa ulikuwa 31 Desemba 1999. Kulipokucha 2000 na jua likachomoza kama kawaida, inasimuliwa kwamba baadhi walianza kuuliza mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliungua ndani ya jengo lililofungwa, na baadaye maiti nyingine nyingi zikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Mtu anapouliza mali yake, anayemjibu kwa unabii ni mtu wa kuogopwa.

Tukadhani ni mambo ya zamani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kufundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani, akakana mashtaka. Mahakama ina kazi yake na siifanyi mimi. Ninachotaka mwone ni njia iliyowafikisha watu pale. Watu hawaamki asubuhi moja wakatoa watoto wao. Wanaanza kwa kutoa vitu vidogo: swali moja, kaye moja, franga 200. Mtu aliyezoea kutouliza pesa yake imekwenda wapi, kesho hataweza kuuliza mtoto wake anapelekwa wapi.

Sasa najua majibu yenu, maana nimeyasikia yote, mengine nimeyasema mwenyewe.

La kwanza: mpakwa mafuta wa Bwana haguswi, mtumishi haulizwi. Haya, Samweli alikuwa nani? Katika 1 Samweli 12, mzee yule, nabii, mwamuzi wa taifa zima, alisimama mbele ya watu akawaambia yeye mwenyewe: semeni ng'ombe wa nani nimemchukua, punda wa nani, rushwa ya nani. Na watu wakajibu. Nabii aliomba aulizwe! Mchungaji wangu, wewe ni mkubwa kuliko Samweli?

La pili hulipenda wazee waliosoma sana. Wanakufungulia 2 Wafalme 12, enzi ya mfalme Yoashi, wanakuonyesha kwamba wasimamizi wa ukarabati wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Kweli, imeandikwa hivyo. Lakini mbona hawaanzii juu? Miaka mingi makuhani walipokea pesa na nyumba ya Mungu ikabaki na nyufa. Ndipo likaletwa sanduku, kifuniko kikatobolewa, likawekwa karibu na madhabahu mahali ambapo kila mtu analiona. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanahesabu pamoja, wawili, kutoka ofisi mbili. Pesa ilikuwa imeshahesabiwa na watu wawili kabla haijafika kwa mafundi wale waaminifu. Weka kwanza sanduku lako hadharani, halafu tutazungumza habari ya kuaminiana.

La tatu: mkono wa kushoto usijue wa kuume unafanya nini. Hilo Yesu alilisema juu ya sadaka yangu mimi, kutoka mfuko wangu, nisije nikajisifu. Pesa ya kaya 60 siyo mkono wako wa kuume wala wa kushoto. Ni mikono 60 ya watu wengine.

La nne: ni pesa kidogo, sisi ni wakimbizi, tuna shida kubwa kuliko hizo. Ninyi mnaosema kidogo, franga 200 mlizipata wapi? Kambini franga 200 ni kibiriti na chumvi, ni sabuni iliyokatwa vipande. Siku zile mgao ulipopunguzwa kwa robo, Januari 2018, nani alisema robo ni kidogo? Yesu alianza na kidogo kwa makusudi. Asiyeweza kutunza kidogo, hakuna siku atatunza kikubwa.

La tano linasemwa kwa sauti ya chini: tukianika haya, serikali itafunga kanisa, na mashirika yatatudharau. Hili ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu limesema ukweli bila kukusudia. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2018, makanisa kama 700 hapa Kigali yalifungwa kwa sababu ya vyoo, kelele na majengo mabovu. Mwaka huohuo ikatoka sheria inayotaka wakuu wa makanisa wawe na shahada ya teolojia, wakapewa miaka mitano. Mwaka 2024 wakaguzi wakapita tena, yakafungwa maelfu nchi nzima. Wapo walioona ni haki na wapo walioona ni kukandamizwa, na sina nguvu za kuamua kesi hiyo. Ninachojua ni kwamba kila tuliposikia mkaguzi yuko njiani tulikimbia kutafuta simenti, tulipaka chokaa, tulichimba choo usiku kwa taa ya simu. Kwa mkaguzi mwenye futi ya kupimia tulijiandaa. Kwa mkaguzi mwenye mashimo ya misumari mikononi tunaimba tu. Na hiyo shahada, ndugu zangu, nani atakataa elimu? Lakini kuhesabu mia mbili mara sitini mwanangu wa darasa la tatu anaweza.

Kanisa la kwanza lilikuwa na matatizo haya haya, ndiyo maana nalipenda. Ugomvi wa kwanza mkubwa ndani yake ulikuwa wa mgao wa chakula! Matendo ya Mitume sura ya 6: wajane waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakusema ninyi mnatafuta fitina. Hawakusema Yesu anarudi, vumilieni njaa. Na wale walikuwa wamemwona akipaa kwa macho yao! Waliita mkutano wa wote, wakawaambia watu wachague wenyewe watu saba wenye sifa njema. Angalia majina ya wale saba: yote ni ya Kigiriki. Kazi ya kugawa ilikabidhiwa watu wa lugha ya waliosahauliwa. Ugomvi ukaisha na kanisa likakua.

Na Paulo, aliyengoja kurudi kwa Bwana kuliko yeyote, alipokusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba makanisa yalimchagua ndugu asafiri naye pamoja na mchango huo, ili asipatikane mtu wa kuwalaumu. Alitaka mambo yawe safi mbele za Mungu na mbele za watu. Mtume Paulo alitaka shahidi. Mzee wetu wa kanisa alihitaji godoro tu la kuficha pesa chini yake.

Nimewageukia wachungaji muda mrefu. Sasa ninyi mnaosoma jarida hili mkiwa na kitambulisho shingoni.

Msicheke. Najua mnaandika sana. Mna ripoti, mna risiti, mna mkaguzi wa ndani na wa nje. Lakini mnamwandikia nani? Kaye yenu inapanda ndege. Inasomwa Geneva, inasomwa Washington, na mwenye njaa aliyetajwa humo kama namba hajawahi kuiona. Mwaka 2018 huko Uganda ilijulikana kwamba orodha za wakimbizi zilikuwa na watu wasiokuwepo. Maafisa wakasimamishwa kazi, watu wakahesabiwa upya kwa alama za vidole kuanzia Machi, na ilipofika Oktoba hesabu ya takriban milioni 1.4 ilikuwa imeshuka kufika kama milioni 1.1. Makaratasi yalikuwepo muda wote. Yalikuwa yakisainiwa. Na mwanzoni mwa 2002 wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe walitoa ripoti juu ya mtandao wa Nairobi uliokuwa ukiwauzia wakimbizi nafasi za kwenda Marekani na Ulaya, nafasi ambazo ni za bure. Hapo pia mafaili hayakukosekana.

Sisemi mimi ni bora. Nilisaini mara nane bila kuona pesa, kwa hiyo najua jinsi sahihi inavyoweza kuwa safi na mkono kuwa mchafu. Nasema tu kwamba hesabu inayosomwa juu peke yake haitoshi. Hapa Rwanda mwaka 2021 msaada ulianza kupimwa kwa uhitaji: wengine walipata wote, wengine nusu, wengine hakuna. Labda ni haki, pesa haitoshi, tunaelewa. Basi yule aliyewekwa kwenye kundi la hakuna aambiwe kwa nini, na mtu, uso kwa uso, kwa lugha anayoielewa. Lile sanduku la maoni lenye kufuli, mara ya mwisho lilifunguliwa lini? Na waliotumbukiza karatasi humo, nani alirudi kuwajibu?

Mathayo 25 haiishii kwenye talanta. Endelea mpaka mwisho wa sura. Mfalme ameketi, mataifa yote yako mbele yake, na maswali yake ni ya ajabu: nilikuwa na njaa, nilikuwa mgeni, nilikuwa uchi, nilikuwa mgonjwa, nilikuwa kifungoni. Mgeni, wapendwa! Mtu asiye na kwao. Anasema mlilomtendea huyo, mlinitendea mimi. Kwa hiyo bosi tunayemngoja kutoka mawinguni amekwisha kutuambia mahali pengine alipo: amesimama mwisho wa foleni, ana jerikeni mkononi. Kaye ambayo mama yule hawezi kuiona ni kaye ambayo Bwana hajaiona.

Nikirudi zamu usiku, Nyarutarama inatulia sana. Upande mmoja kuna uwanja wa gofu na nyumba zenye ukuta mrefu. Si mbali kulikuwa na vibanda vya Kangondo na Kibiraro, ambavyo watu waliviita Bannyahe. Vilibomolewa 2022 na watu wakahamishiwa Busanza. Mimi mkimbizi nikitazama kuta hizo na pale palipokuwa vibanda, naona kwamba hapa duniani wote tumekabidhiwa tu, mwenye ukuta na mwenye kibanda. Neno la kanisa kwa hilo ni uwakili. Wakili si mwenye mali. Akisahau hilo ndipo anaanza kukasirika akiulizwa.

Basi naomba mambo manne, na yote yanawezekana kabla ya mwisho wa mwezi.

Moja, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla ya mahubiri, kaye isomwe kwa sauti: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kama mahubiri ya kurudi kwa Yesu yana nafasi ya saa mbili, kaye ina nafasi ya dakika tano. Na isomwe kwa Kiswahili na Kinyarwanda, ili bibi asiyesoma naye asikie.

Mbili, pesa zihesabiwe na watu watatu wasio wa familia moja, na mmoja awe mama mjane aliyechaguliwa na wajane wenzake. Ziwekwe kwenye namba ya simu ya kikundi, siyo ya mtu.

Tatu, fungu la Mchungaji litajwe. Mchungaji anakula, watoto wake wanasoma, hakuna aibu katika hilo, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Aibu iko katika kuficha. Kinachojulikana kinaheshimiwa.

Nne, mashirika nayo yabandike ukutani, pale watu wanapochotea maji, kwa maneno ya kawaida: mwezi huu tulipokea nini kwa ajili ya watu wa hapa, tulitumia nini, malalamiko yalikuwa mangapi, tulijibu mangapi.

Mtu ataniuliza, na wewe uliyesaini? Ni haki aulize, na nitamjibu.

Mwezi ule ule, baada ya usiku wa kaye ya bosi, nilipanda gari Nyabugogo na Jumapili nikaomba nafasi ya ushuhuda. Nilitaja sahihi zangu nane, moja baada ya nyingine, na tarehe zake. Nikasema: sikuchukua hata franga moja, lakini niliandika uongo ninyi mkaamini mkono wangu. Mzee mweka hazina alikuwa amekwisha kuhama kambi. Mchungaji aliangalia chini, halafu akasema tuimbe. Tangu siku hiyo wako watu wanaoniita mwizi, maana wanasema asiyeiba hawezi kulipa. Mke wangu naye aliniuliza tutakula nini. Sina jibu zuri la kumpa, na sitajifanya ninalo. Kila mwezi natuma franga 5,000 kutoka mshahara wangu wa zamu.

Hii hapa hesabu, wasomaji wote ni mashahidi. Zilizopotea: 161,500. Nilizolipa kwa miezi sita: 30,000. Zilizobaki: 131,500. Kaye mpya ya mfuko iko kwa yule mama mjane. Anayetaka kuiona ampigie hodi. Ataonyeshwa hata leo usiku.